Mausi ya Gololi kwa Mkono wa Kushoto

Nilimshuku Rahma kabla sijaushuku mkono wangu.

Rahma ni mwenzangu kazini. Tupo duka moja la uchapaji, mtaa wa Ng'ambo, yeye yuko mbele anapokea wateja na kukata karatasi, mimi niko ndani kwenye kompyuta. Napanga kadi za harusi, kalenda za madrasa na vitabu vidogo vya kusomea hitima ya marehemu. Asubuhi moja ya kipupwe nilishika mausi nikaona haitii. Mshale unaipita herufi ninayoitaka, naurudisha, unapita tena. Nikibofya mara mbili, kompyuta inasikia mara moja. Nikasema moyoni, huyu Rahma, jana nilipotoka mapema kakaa kwenye kiti changu kachezea vitu vyangu. Nikaigeuza mausi, nikaifuta, nikaibadilisha betri. Ilikuwa nzima. Jioni ile nikashindwa kufungua chupa ya maji, na hapo hakukuwa na Rahma wa kumsingizia.

Haya nnayaandika kwa mtu ambaye leo kaamka vidole vyake vimevimba, anajiuliza nani kamfanyia nini. Miye nilijiuliza hivyo mwaka mzima. Sina elimu ya udaktari na sitakueleza ugonjwa unatoka wapi. Ntakwambia tu niliyopitia, na jinsi nilivyoitafuta mausi ya kunirudisha kazini.

Hospitali walisema ni baridi yabisi. Kabla ya kusema hivyo walinikalisha benchini asubuhi nyingi. Benchi lile lina watu wa kila namna, na kila mmoja anataka kujua wewe unaumwa nini ili akwambie jirani yake aliyeumwa hivyo hivyo alivyokwisha. Nilijifunza kujibu "tumbo" nikaachwa. Nesi akitoka na mafaili nilikuwa nayatazama kwa jicho kali, maana nilikuwa na hakika langu analiweka chini makusudi. Nikapewa vidonge vya kunywa mara moja kwa wiki, na kila baada ya muda natolewa damu. Siku ya vidonge nilikuwa napata kichefuchefu mpaka harufu ya kitunguu kinachokaangwa kwa jirani inanitoa machozi.

Mamaangu, Bi Zuwena, hakuridhika na vidonge. Nnakaa naye Kikwajuni tangu nilipoachika, na katika nyumba ile neno lake ndilo la mwisho. Akanipeleka kwa mwalimu mmoja, naye akaandika aya kwenye sahani kwa zafarani, akazisafisha kwa maji ya marashi, nikanywa. Nilikunywa maji hayo ya kombe na vidonge vyote viwili, maana sikuamini hata kimoja.

Lakini mama alikuwa na jambo. Kila asubuhi, kabla hata sijapiga mswaki, anataka kuuona mkono wa kulia. Anaugeuza, anaubonyeza, anauliza, "Leo umekunjika?" Nikimwambia bado, uso wake unabadilika, anaondoka. Miye nikaona huyu mwanamke anajua kitu ananificha. Nikadhani labda daktari kamwambia mkono utakatwa. Nilimuuliza, akasema, "Astaghfirullah, mtoto gani wewe, unawaza mambo gani." Hakunijibu, na hilo nililiona.

Nje nako kulikuwa na lake. Kwetu huwezi kumpita mtu bila kumpa mkono, na mtu mzima humpi mkono tu, unaubusu. Watu wanaushika mkono kwa mapenzi, wanaukaza. Mtu mmoja tu akinishika sawasawa, maumivu yanapanda mpaka begani. Basi nikaanza kuuficha ndani ya buibui, nikisalimia kwa kichwa. Haukupita mwezi nikasikia mtaani kwamba Nasra, yaani mimi, siku hizi anajiona. Nikawashuku wote. Kila waliponong'ona nilijua wananisema mimi, na kusema kweli mara nyingine walikuwa wananisema mimi.

Duka lina mwenyewe, Bwana Twalib, mtu mpole, anayezungumza kama anaomba radhi. Alipoona kadi za harusi zinachelewa aliniita akasema, "Bi Nasra, pumzika kwanza, afya mbele." Hakuna mtu aliyewahi kupumzishwa kazi akarudi akakuta kiti chake. Na mimi kazi ile ndiyo mimi. Sijui kupika vya kusifiwa, sina mtoto, ndoa yangu ilivunjika. Lakini nipe ukurasa mchafu, nikurudishie ukurasa ambao mtu akiufungua anatulia. Mkono ukifa, miye nabaki kuwa mtoto wa Bi Zuwena tu, nikichambua mchele.

Basi nikaanza kutafuta mausi.

Ya kwanza alileta kaka yangu Suleiman, anayekaa Maskat. Aliituma kwa mtu, ndani ya sanduku zuri, pamoja na udi na halua. Ilikuwa ile ya kusimama, unaishika ubavuni kama unampa mtu mkono. Watu wengi wanaisifu na pengine wewe itakufaa, kiganja chako kikiwa hakitaki kulala. Mkono wangu haukuwa na shida ya kulala, ulikuwa na shida ya dole gumba, na mausi ile kazi yake kubwa yote iko kwa dole gumba. Baada ya siku chache dole likawa jekundu, limejaa. Sasa mwambie Suleiman. Zawadi ya Maskat hairudishwi wala haiwekwi kabatini, na kaka yangu akipiga simu ya video kitu cha kwanza anasema, "Hebu nionyeshe unavyoitumia." Nikawa naiweka mezani kwa ajili ya simu zake. Namuona kwenye skrini anatabasamu, naishika, nasogeza mshale huku na huku, meno nimeyauma. Akikata simu naitupa pembeni. Mama aliniona siku moja. Akasema, "Unamdanganya kaka yako." Nikamwambia, "Nnamfurahisha." Tukanuniana mpaka magharibi.

Ya pili nilinunua mwenyewe, ndogo, nyepesi, kijana wa dukani akiniapia kwamba hii inafaa watu wote. Kitu kinachofaa watu wote sikiamini, lakini siku ile nilikuwa nimechoka. Mausi ndogo inakulazimisha ukunje vidole vyote. Usinunue ndogo ukidhani wepesi ndio unafuu.

Masika ikaingia, na hospitalini nikapelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke wa makamo, mkavu kidogo. Akanitengenezea banzi la plastiki la kuushikilia mkono wa kulia upumzike. Halafu akanipa kalamu akasema, "Andika jina lako kwa kushoto." Nikamwambia kushoto siandiki. Akasema, "Andika tu, mbaya mbaya." Nikaandika Nasra. Yeye akalitazama lile jina muda mrefu kuliko jina langu linavyostahili, akaniuliza, "Weye una mashoto?"

Nilikasirika. Kwetu mtoto hukemewa akipokea kitu kwa kushoto, na kushoto ni mkono wa chooni. Nikamwambia, "Sina mashoto, nimelelewa." Akatabasamu, akasema basi niutumie huo kwenye kompyuta, wa kulia upumzike. Nilitoka pale nikiwa na hakika kwamba anataka kuniondoa kwenye orodha ya wagonjwa wake kwa njia ya mkato.

Nyumbani nilimsimulia mama, nikitaraji atanicheka au ataniunga mkono. Hakufanya hata kimoja. Alikuwa anapeta mchele, ungo ukasimama. Akasema, "Mkono wa kushoto usiuguse." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Vile vitabu vya hitima si unavipanga wewe? Mkono wa chooni ndio utakaopangia Yasini?" Neno lile lilinichoma kwa sababu na mimi nilikuwa nimeliwaza. Lakini sauti yake haikuwa ya mtu anayetoa hukumu. Ilikuwa ya mtu anayeogopa.

Halafu akachukua lile banzi. Mikanda yake ya kunata ilikuwa inaachia kwa joto, na mtaalamu alisema tuifunge kwa kitambaa chochote laini. Mama akachana utepe kutoka kanga kuukuu, akanifunga. Alipitisha chini ya kifundo, akazungusha mara mbili, akalifichia fundo upande wa nje ambako vidole vyangu vya mkono wa pili visingelifikia. Alifunga haraka, bila kutazama. Miye mwenyewe banzi lile nilikuwa naliona kwa mara ya pili tu. Nikajiuliza mamaangu kajifunza wapi kumfunga mtu mkono asiweze kujifungua.

Sikumuuliza siku ile. Mtu mwenye shaka huwa hana haraka.

Gololi niliipata Darajani, kwa Bwana Khamis anayeuza vipande vya kompyuta kuukuu. Nilikuwa nshasikia kwamba kuna mausi isiyotembea mezani, yenye gololi juu, unaizungusha hiyo gololi tu na mshale unakwenda. Alikuwa nayo moja, imezama kwenye sanduku la nyaya, imejaa vumbi. Nikamuuliza mbona haijanunuliwa. Akasema hakuna anayeijua. Nikamwambia, au ina kasoro.

"Ya Rabbi," akasema Bwana Khamis. "Kaa uijaribu, Bi mkubwa, nani kakukataza."

Nilikuwa nimekuja na flashi yangu, ndani yake kadi ya harusi halisi yenye maua ya pembeni na majina marefu ya Kiarabu. Na hili ndilo ningependa ulishike kuliko mengine yote: usijaribu mausi kwa kuzungusha mshale hewani. Kila mausi inazunguka vizuri hewani. Ijaribu kwa kazi yako, ile ile inayokuliza. Nilikaa pale mpaka ikaadhiniwa adhuhuri. Nilimwomba apunguze kasi ya mshale kwenye setingi, nikamwomba aiweke ile ya kubofya mara moja badala ya mbili, na ile ya kuburuta kitu bila kushikilia kitufe. Kumbe nusu ya maumivu yangu haikuwa ya mausi, ilikuwa ya setingi ambazo hakuna aliyeniambia kwamba zipo. Alikuwa na nyingine yenye gololi ya pembeni, ya kusukumwa na dole gumba, nikaikataa palepale. Hii gololi yake ilikuwa katikati, ya kusukumwa na vidole vyote au na kiganja, na vitufe viko sawa kulia na kushoto.

Nikamwambia nnataka kwenda kulala nayo, maana mkono hausemi ukweli siku hiyo hiyo, unasema kesho yake asubuhi. Nilijiandaa kwa ugomvi. Akasema, "Chukua. Weye si mtoto wa Bi Zuwena wa Kikwajuni? Utakimbilia wapi?" Nikaichukua, lakini njia nzima nilikuwa najiuliza kamjuaje mama.

Kesho yake mkono wa kulia uliuma, si kama zamani, lakini uliuma. Gololi uliipenda, vitufe haukuviweza. Wiki ile Bwana Twalib akapokea kazi ya watu wa Kiembe Samaki, kitabu cha hitima ya baba yao, Yasini nzima na dua, kila irabu mahali pake. Walikitaka kabla ya Ramadhani. Nikapita mlangoni nikamkuta Rahma kwenye kiti changu, kurasa za kitabu ziko wazi mbele yake.

Nilimwambia, "Basi ni kweli, kiti changu unapewa wewe."

Rahma hakuinuka. Akasema, "Kweli. Bwana Twalib kaniambia nijifunze. Ulitaka nikatae, halafu alete mtu wa nje?"

Mwaka mzima nilikuwa namshuku mtu na mwaka mzima nilikuwa sijakosea, na halikunipa raha yoyote hilo. Nilikwenda kwa Bwana Twalib nikamwambia nipe kitabu hiki mimi. Akaniangalia mkono, akaona haya, akasema, "Bi Nasra, kikitoka bila kosa, kiti chako ni chako, hakuna atakayekigusa. Kikishindikana tutafute njia nyingine, mimi na wewe." Njia nyingine niliielewa.

Basi nikaihamisha mausi kushoto.

Nilisema bismillahi na nikaomba radhi, nikaanza na kurasa za dua na tafsiri yake ya Kiswahili, Yasini nikaiacha kwa baadaye, nikijipa muda. Siku ya kwanza nilikuwa kama mlevi. Siku ya pili nilichelewa kidogo tu. Kabla wiki haijesha ule mkono wa kushoto ulikuwa unaizungusha gololi, unasimama juu ya fat'ha, ile irabu ndogo kuliko chembe ya ufuta, unaibeba, unaiweka mahali pake, bila mimi kuwaza. Hapo ndipo nilipopata hofu ya kweli. Mkono wa mtu mzima haujifunzi hivyo. Mkono wangu wa kulia ulichukua miezi kuijua kazi ile, tena ulikuwa mzima, tena nilikuwa msichana. Rahma alikuwa amesimama nyuma yangu na bahasha mkononi. Akasema, "Nasra, weye hujifunzi. Weye unakumbuka."

Nikayakumbuka maneno ya yule mwanamke wa hospitali. Nikakumbuka fundo.

Nilikwenda nyumbani mapema. Mama alikuwa ukumbini amekaa kwenye mkeka anakunja nguo. Nilimwamkia, nikakaa mbele yake, nikanyoosha mkono wa kushoto.

"Mama, huu mkono uliufunga?"

Aliendelea kukunja ile nguo mpaka ikawa ndogo kabisa. Halafu akasema, "Nani kakwambia?"

"Wenyewe."

Akaiweka nguo chini. "Ulizaliwa hivyo," akasema. "Kijiko kushoto, chaki kushoto, kila kitu. Chuoni kwenye Kurani mwalimu akawa anakupiga, unarudi vidole vimevimba. Watu wakawa wanasema mtoto wa Zuwena anakula kwa mkono wa chooni. Nikasema bora nikufunge mimi kuliko akupige yeye. Nikachana kanga. Ukiamka nakufunga, ukilala nakufungua. Ulilia mpaka sauti ikakukauka, halafu ukaacha kulia, ukaanza kutumia wa kulia. Kila mtu akanipongeza."

Nilijaribu kukumbuka, nisikumbuke hata siku moja.

"Ulipougua," mama akasema, "ukaugua wa kulia. Ule niliokulazimisha. Vidole vimevimba vile vile. Kila asubuhi nautazama nasema, Zuwena, hii kazi yako. Ndiyo maana sikutaka uuguse wa kushoto. Niliogopa ukiugusa utajua."

Mwaka mzima nilikuwa nikimtazama mama kama mtu anayenificha hukumu ya daktari, kumbe yeye alikuwa anajihukumu mwenyewe kila alfajiri, na mkono wangu ndio ushahidi wake. Nilikasirika, sitasema sikukasirika. Nilikasirika kwa ajili ya yule mtoto. Lakini nilimwambia lile nililokuwa na hakika nalo, kwamba madaktari hawakusema ugonjwa huu unatokana na kulazimishwa mkono, na kwamba ninawashuku kwa mengi lakini kwa hilo ninawaamini. Akalia. Na mimi nikalia, kwa sababu nyingine.

Nikamuuliza, "Na Yasini je?"

Akajifuta kwa upande wa kanga. Kisha akasema, "Udhu tunatia mikono yote miwili."

Kitabu kilitoka siku mbili kabla ya Ramadhani. Watu wa Kiembe Samaki walimleta mwalimu wao akakisoma dukani, neno kwa neno, kidole juu ya mstari, na mimi nimesimama nimeuficha mkono, safari hii wa kushoto. Alipofika mwisho akakifunga akasema, "Kimepangwa na mtu mwenye mkono mzuri." Bwana Twalib akatazama chini. Rahma akanikanyaga mguu. Kiti nnacho mpaka leo, na Rahma anakikalia siku za kliniki yangu, nami nimeacha kukagua mausi nikirudi. Karibu nimeacha.

Ile ya Suleiman nilimwambia ukweli. Alinuna, halafu akaniuliza kama kuna mtu mwingine huku kwetu nnayetaka apewe.

Siwezi kukwambia nimepona. Wakati wa vuli vidole vinavimba, na vidonge bado ninavinywa. Siku za kliniki benchi ni lile lile, na wanaokaa pale wakiniuliza siku hizi nawajibu ni mkono. Asubuhi lazima banzi lifungwe kabla sijatoka, na mimi siwezi kujifunga kwa mkono mmoja, kwa hiyo mama hunifunga. Leo pia kanifunga. Kachukua ule utepe wa kanga, kapitisha chini ya kifundo, kazungusha mara mbili, kisha akasita na fundo mkononi.

"Nimekaza?" akaniuliza.

Nikamwambia, legeza kidogo.

Akalegeza.